Mtoto wa Sindano

Mwezi uliopita nilikabidhi filimbi, koni za plastiki na ufunguo wa stoo, ile ambayo mlango wake haujawahi kufunguka bila kupigwa bega. Ukocha wa mpira wa magongo nimeustaafu. Ninyi makocha vijana mnaobaki mliniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nimekubali kwa kuwa sina shughuli nyingine, na kwa kuwa hamkusema ni lazima yawe ya kufurahisha. Vyeo nitaviruka, vilikuwa vichache. Mshahara hausimuliki. Nitaanza na siku niliyopigwa mpira wa ugoko.

Nilikuwa mlinda mlango hapa Dar es Salaam, mzuri wa kutosha kupata ufadhili wa kwenda kusomea elimu ya viungo Guangzhou, China. Siku ya kwanza chuoni nilikuta watu wanaumwagia maji uwanja wa zulia la nyasi bandia. Nikauliza kama kuna mkubwa anakuja, maana kwetu uwanja husafishwa kwa sababu hiyo tu. Nikaambiwa maji yanaufanya mpira uteleze vizuri. Waliokuwa wakifanya mazoezi walikuwa mabinti, kwa hiyo nikaona legigadi za kukinga miguu za nini, nikasimama golini kwa madaha na mikono kiunoni. Mpira wa kwanza ukanipata ugokoni kabla sijainama. Binti aliyeupiga alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho, na wala hakugeuka kuniangalia. Ninyi mliokulia kwenye viwanja vya mchanga vya shule, jueni kwamba mchangani mpira unakuja na taarifa. Juu ya zulia lenye maji hauleti taarifa yoyote.

Mwalimu wangu pale alikuwa mwanamke mfupi, Mwalimu Liang, kocha wa mabinti hao. Hakuachana na chupa yake ya maji ya moto hata jua liwe kali vipi. Yeye ndiye aliyenitoa tabia ya kulikaba gongo kwa mkono wa kulia kama mtu anayechimba msingi. Mkono wa kushoto ndio unaocheza, alisema, wa kulia unausindikiza. Alinifundisha pia kwamba ukitaka kumjua mchezaji usihangaike na mbwembwe zake akiwa na mpira. Mtazame pale mpira unapomfikia. Ukitulia kwenye gongo lake, una mchezaji. Ukiruka, endelea na mazoezi kwa heshima, lakini moyoni umeshamaliza naye.

Kilichonishinda kwake ni namna alivyowaacha wasiofaa. Siku ya uteuzi alimwita binti kwa jina, akasimama mbele yake, akamwambia kwa Kichina kwamba hafai. Neno lenyewe fupi, halina mto wala shuka. Kisha alimmiminia maji ya moto kwenye kifuniko cha ile chupa, akasubiri anywe. Binti alilia, akanywa, na jioni ungemwona anaondoka na begi lake. Msimu unaofuata ungesikia yuko chuo cha uuguzi. Mimi niliona ni ukatili. Nikamwambia Mwalimu Liang kwamba kwetu tunafanya kwa upole. Akauliza vipi. Nikamweleza kuwa mtu tunamwambia asubiri, kidogo kidogo mwenyewe ataelewa.

"Anaelewa lini?" akauliza.

Nilidhani swali sikulielewa kwa sababu Kichina changu kilikuwa kibovu.

Nilipomaliza masomo sikurudi nyumbani mara moja. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, Hong Kong imeshakuwa ya Wachina tena, na wafanyabiashara wetu kutoka Dar na Unguja walikuwa wameanza kuijaza mitaa ya Liuhua, karibu na stesheni ya treni, wakinunua viatu na nguo za kupeleka nyumbani. Wao na wanafunzi walianzisha timu ya magongo ya Waafrika Mashariki, wakanipa mimi kuifundisha. Magongo yetu yalikuwa ya mforosadi, tuliyapata kwa Wapakistani. Legigadi za kipa nilizitengeneza kwa sponji ya godoro, nikazivisha turubai, na mama mmoja wa soko la nguo la Shahe anayeshona jinzi za jumla akazipiga mshono. Akanicheka mpaka akashindwa kutia uzi. Zilidumu kuliko timu yenyewe.

Mwenyekiti na mfadhili wetu mkubwa alikuwa Bwana Mbaruku, Mzanzibari, muuza viatu, mtu wa huruma kupita kiasi. Nasema kupita kiasi na nitaeleza. Kamati ilikuwa yake, safari zilikuwa zake, na kila mwaka ndiye aliyetupeleka Hong Kong kwenye mashindano ya timu za wageni. Vijana wote waliishi kwa ajili ya safari hiyo, kwa sababu vilabu vya kule vilikuwa vikimpenda mchezaji vinamtafutia kazi. Wawili katika wetu walishabaki huko namna hiyo.

Basi akaja Talib.

Wenye umri wangu nikiwatajia Zuberi Sindano wanavua kofia. Alikuwa kiungo wa Tanga na baadaye wa taifa, na jina alilipata kwa pasi zake, zilizopita mahali ambapo wewe ungeapa hapapiti uzi. Mbaruku alipokuwa mdogo aliruka ukuta wa uwanja kule Unguja kumtazama, na kovu la ukuta ule alilionyesha kwa yeyote aliyekaa naye zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Talib alikuwa mtoto wa Sindano, wa pekee wa kiume. Alifika Guangzhou kwa viza fupi na tiketi ya kurudi. Nyumbani Tanga alikuwa ameahidiwa nafasi ya kujifunza ufundi umeme bandarini, na alitakiwa kuripoti mwezi unaofuata. Alikuja kujaribiwa tu, alisema. Akichaguliwa kwenda Hong Kong anabaki, asipochaguliwa anarudi kwenye nyaya zake. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa.

Alipoingia uwanjani na kuchomeka fulana yake upande mmoja tu, kama baba yake, Mbaruku alitoa leso. Kijana alikuwa na mwendo wa Sindano, mabega ya Sindano, hata namna ya kupangusa gongo kwenye soksi. Nikampigia mpira wa kwanza. Ukaruka. Nikampigia wa pili taratibu, nao ukaruka.

Baada ya mazoezi nilikaa naye. Nikamwuliza nani alimfundisha. Akasema baba, lakini miguu ya baba ilishakufa tangu yeye yuko darasa la kwanza, kwa hiyo alimfundisha akiwa kwenye kiti, kwa maneno. Aliweza kunisimulia kila mechi ya baba yake, nani alisimama wapi, upepo ulitoka upande gani, pasi ilipita katikati ya miguu ya nani. Alijua magongo kuliko wachezaji wangu wote, kwa kuambiwa. Nahodha wetu Otieno, mwanafunzi wa Kenya, alinisogelea tukikusanya koni akasema, "Coach, huyu msee ni fiti kwa story. Lakini ball inamkataa." Sikuwahi kuandika ripoti iliyokamilika zaidi ya hiyo.

Kamati ilikutana chumbani kwa Mbaruku, hotelini Liuhua, tumekaa juu ya maboksi ya makubadhi. Nikasema wazi kuwa kijana hafai, na si suala la muda. Jicho lake linachelewa, na jicho halifundishwi ukubwani. Mmoja akasifu chai.

"Kocha, skiza," Mbaruku akasema mwishowe. "Mimi nna kovu la babake mguuni. Leo nikamwambie mwanawe hafai? Ntamtizama vipi?"

Nikasema basi nitamwambia mimi, ndiyo kazi yangu. Akakataa. Mtoto wa mtu haambiwi hivyo, alisema, tena ugenini. Wakaamua kwamba hatakwenda Hong Kong, na kwamba hataambiwa kuwa hatakwenda. Waliona wamemtendea wema, na nyuso zao zilikuwa na utulivu wa watu waliotoka kutoa sadaka. Jioni ile Mbaruku akamshika Talib begani mbele ya watu akamwambia, "Wewe wetu, mwanangu. Subiri kidogo, tutakwita."

Mnajua sote tunavyosema. Tutakuita, tutaona, Mungu akipenda, wewe usiwe na wasiwasi. Mtu mzima aliyekaa mjini husikia humo hapana iliyovishwa nguo. Lakini Talib alikuwa amelelewa kwenye kiti cha Sindano, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuikatalia familia ile kitu. Alisikia maneno yenyewe. Akaenda kwenye duka la simu akampigia baba yake kwamba yumo. Tanga nzima ikajua kabla ya magharibi, maana mzee alikuwa anakaa barazani kwa kinyozi.

Timu ilipopanda treni kwenda Hong Kong aliambiwa karatasi zake hazijakamilika. Alitusindikiza stesheni, akatubebea magongo. Tulifungwa mechi zote, lakini hilo ni jingine. Tuliporudi, tarehe ya tiketi yake ilikuwa imebaki kidogo ipite. Nikaona basi, kamati na iseme inavyotaka, mimi nitasema kama alivyosema Mwalimu Liang.

Nilimkuta Shahe, kwenye yale masoko ya nguo za bei rahisi, akiwasaidia wafanyabiashara wetu kufunga marobota. Ninyi hamjawahi kununua Shahe, kwa hiyo niwaambie. Muuzaji wa kule hakubembelezi. Ukimwuliza saizi asiyokuwa nayo anasema "meiyou", yaani hakuna, na macho yake yameshamhamia mteja wa nyuma yako. Watu wetu walichukizwa sana na neno lile. Mbaruku alikuwa akisema Wachina hawakufunzwa kuzungumza na mtu. Mimi nilishaanza kulipenda.

Nikamvuta Talib pembeni, nikamwambia, "Sikukuchagua. Sitakuchagua mwakani wala mwaka mwingine. Panda ndege, wahi nafasi yako bandarini."

Alinitazama usoni kwa makini, kisha akatabasamu. "Nimekuelewa, kocha," akasema.

Nikaondoka pale mwepesi, nikijiona nimemaliza kazi ya kiume. Kesho yake alfajiri nikamkuta uwanjani peke yake anakimbia. Na kesho yake tena. Nilipomwuliza Otieno, akaniambia kijana alipeleka maneno yangu kwa Mbaruku, na Mbaruku akacheka, akamwambia, "Kocha akupima huyo. Ataka kuona moyo wako." Na kamati yote ikaafiki kwamba ndivyo nilivyo, napenda kuwakomaza watu.

Hapo ndipo nilipokata tamaa, na sijairudisha tamaa hiyo vizuri mpaka leo. Nilikuwa nimedhani shida yetu ni kwamba hatusemi hapana. Kumbe tumekaa bila kuisema muda mrefu mpaka ikisemwa hakuna anayeiamini. Ukimwambia mtu wetu hapana mchana kweupe, anatafuta ulichokificha nyuma ya neno hilo. Nilikwenda kwa Mbaruku, nikamwambia anampoteza mtoto wa watu. Alinisikiliza kwa adabu yote, akaniagizia chai, akasema, "Una haki, kocha. Ntazungumza naye." Mimi nami, mtu mzima, nikanywa chai nikaamini.

Tiketi ikapita. Mbaruku, kwa huruma, akamshughulikia kuongeza viza, na Talib akaona huo ni ushahidi, maana nani angemhangaikia mtu asiyemtaka? Bandarini wakaichukua nafasi wakampa mwingine. Kijana akawa anafunga marobota Shahe mchana na kukimbia alfajiri. Mwili ulikuwa unapendeza. Mpira ulikuwa unaruka vilevile. Nilimfundisha nilivyoweza, mkono wa kushoto, mkono wa kushoto, na kila alipokosa aliniomba radhi, na kila alivyoniomba radhi nilitamani zulia linimeze. Mchezaji mbaya asiyejua ni mbaya unaweza kumkasirikia. Yule huwezi.

Msimu wa mvua habari ikaja kwa simu kwamba Sindano amefariki. Kwetu Waislamu maiti haikai, na kutoka Guangzhou mpaka Tanga si safari ya kumuwahi mtu. Alizikwa wakati mwanawe bado anaulizia ndege.

Tulimsomea hitima chumbani kwa Mbaruku. Maboksi ya viatu tuliyasukuma ukutani, juzuu zikagawanywa, hata Otieno na Wakenya wengine Wakristo walikuja wakakaa karibu na mlango wameinamisha vichwa. Mbaruku alilia kwa kweli, simsingizii. Dua ilipokwisha akafungua mfuko akatoa jezi mpya, yenye namba aliyokuwa akiivaa Sindano, imeshonewa Shahe. Akamtandazia Talib magotini.

"Babako keshatangulia, mwanangu," akasema, "lakini nafasi yako ipo palepale. Tutakwita."

Watu wakasema amina. Mimi mdomo wangu ulikuwa umefumba, na nadhani Talib aliona, kwa sababu nilipotoka alinifuata kwenye ngazi, jezi mkononi.

"Kocha, nakuomba leo usinipime," akasema. "Niambie kama wanavyotuambia wale wa Shahe. Mimi nafasi ninayo?"

"Meiyou," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, vile tunavyomwitikia muuzaji asiyekuwa na saizi yetu. Akasema ahsante. Kisha akauliza kama siku ile ya marobota nilikuwa nasema kweli, nikamjibu ndiyo, na kabla ya hapo pia, tangu mpira wa kwanza. Akakaa kwenye ngazi. Tangu simu ya msiba hakuwa amelia, kila mtu alikuwa akimsifu kwa uvumilivu. Sasa akalia, tena kwa sauti, na mhudumu wa hoteli akatoka kutazama akarudi ndani.

"Baba aliniuliza Hong Kong nilifunga mangapi," akasema alipoweza. "Nikamwambia moja. Nilidhani nitalifunga baadaye."

Nilimtafuta Mwalimu Liang mzima kichwani mwangu, sikumpata. Sikuwa hata na maji ya kummiminia. Nilikaa naye mpaka alipokunja ile jezi, vizuri, mikono ndani, akanipa nimrudishie mwenyewe. Mbaruku alipoipokea alishangaa kwa dhati. Akasema, "Kwani nani kamwambia hapana?"

Talib alirudi Tanga wiki hiyo, na nauli alichangiwa na kamati kwa moyo mmoja. Miaka ya baadaye nilipita huko na timu ya mkoa, nikaulizia. Nikaambiwa yupo, anatengeneza pikipiki, ni mtu wa watu, ila magongo hataki kuyasikia. Sikwenda kumwona. Ningemwambia nini?

Mimi nilirudi Dar, nikafundisha shule, vilabu, mkoa, mnajua hayo. Kila siku ya uteuzi nilimwita kijana kwa jina, nikasimama mbele yake, nikamwambia hapana, na nilikuwa na chupa ya chai tayari. Ningependa kuwaambia ilisaidia. Karibu wote walinishukuru, wakanywa chai, kisha wakaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kuuliza kocha alikuwa na maana gani. Na mwenyekiti, kila mwenyekiti niliyewahi kuwa naye, aliwaambia wasubiri kidogo. Nanyi mtakutana na hayo. Sina dawa ya kuwaachia. Nilidhani nikizeeka nitakuwa nayo.

Kwenye sherehe ya kuniaga mlikuwepo wote. Mlimsikia mwenyekiti wetu wa sasa aliponivisha shada akasema hazina kama mimi haiachwi, nitakuwa mshauri wa timu, nipumzike kidogo tu, wataniita. Mlipiga makofi, nami nilipiga. Nayajua maneno hayo kuliko mtu yeyote aliyekuwa ukumbini, nimewaandikia kurasa zote hizi kuwaeleza maana yake. Mke wangu naye ameshanieleza, mara mbili.

Simu yangu ina chaji. Nikienda kuoga naingia nayo.